Sura ya 3: Seva Haimwamini Mtu

Wamunyu, kwenye barabara ya kutoka Machakos kwenda Kitui, mbao zimekuwa zikichongwa kwa ajili ya soko tangu Mutisya Munge aliporudi nyumbani kutoka Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, akiwa na ufundi aliojifunza huko. Kwa miaka mingi kinyago cha Wamunyu kimemfikia mnunuzi kupitia mikono ya madalali wa Nairobi na Mombasa, kila mkono ukibakiza chake. Tuseme sasa kikundi cha wachongaji kimeamua kuuza chenyewe mtandaoni. Kikundi hiki ni cha kubuni, nimekiunda kwa ajili ya sura hii tu. Yatakayokipata ndiyo hulipata kila duka la mtandaoni nchini. Kwenye tovuti yake kuna twiga wa mhugu mwenye urefu wa futi tatu, bei shilingi 8,500. Ni mmoja tu, wala hana mwenzake. Jambo hilo litatusumbua baadaye.

Mwalimu mmoja mjini Machakos amemwona twiga huyo kwenye simu, akabonyeza picha yake. Skrini ikawa nyeupe kidogo, kisha twiga akatokea mzima pamoja na bei na kitufe cha kulipa. Imechukua sekunde moja, pengine moja na nusu. Sura hii inahusu sekunde hiyo, na hasa ile sehemu yake ambayo mwalimu hawezi kuiona hata akiigeuzageuza simu yake vipi. Wenye kazi huiita bekendi.

Vitabu vingi huanza kuifundisha bekendi kwa orodha ya lugha za programu na zana. Naona huko ni kuanzia mkiani. PHP ilianza mwaka 1995, Django 2005, Node.js 2009, na msomaji akimaliza kitabu hiki kutakuwa na nyingine inayosifiwa kuliko zote. Kisichobadilika ni kwamba kuna kompyuta mbili zinazoandikiana, na moja kati yao haina sababu yoyote ya kuiamini nyingine.

Jina na njia

Simu ya mwalimu inalo jina la tovuti, lakini intaneti haisafirishi chochote kwa majina. Inataka namba. Zamani, kompyuta zilizounganishwa zilipokuwa chache, orodha ya majina na namba zake ilikuwa faili moja tu lililotunzwa California, na kila mwenye kompyuta alinakili kwake. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alibuni mfumo wa kuigawa orodha hiyo, unaoitwa DNS, na ndio tunaoutumia hadi leo. Simu huuliza seva ya kampuni yake ya mtandao; ile isipojua huuliza seva za mzizi; hizo husema, majina yanayoishia na .ke waulize wenye .ke, wenye .ke nao huielekeza kwa anayetunza jina la wachongaji. Kikoa cha .ke kilisajiliwa mwaka 1993, wakati intaneti ya biashara ilikuwa bado haijafika Kenya, na leo kinasimamiwa na KENIC.

Jibu likishapatikana hukumbukwa kwa muda, ili isiwe lazima kuuliza upya kila mara. Ndiyo maana ukihamisha tovuti kwenye seva mpya, wapo wateja watakaoendelea kupelekwa kwenye ya zamani kwa saa kadhaa. Usizime ile ya zamani siku hiyohiyo.

Sasa simu inayo namba, na safari inaanza. Machakos ina historia yake na njia za mawasiliano: kilikuwa kituo kikuu cha utawala wa Waingereza bara kabla Nairobi haijawa mji, kisha reli ikapita Athi na Konza ikakiacha kando, na mwaka 1899 makao ya utawala yakahamia Nairobi. Kebo za nyuzi za kioo hazikuurudia ukatili huo. Kebo ya taifa ilifikishwa hadi makao ya kaunti. Lakini kilichobadilisha mambo kilitokea Mombasa mwaka 2009, kebo za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilipotia nanga. Kabla ya hapo, data ya kwenda nje ilipanda hadi setilaiti iliyo umbali wa kilomita kama 36,000 juu ya ikweta, ikashuka tena. Hesabu ni rahisi. Kupanda na kushuka ni kilomita 72,000, na mawimbi ya redio hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo swali na jibu lake vilikula karibu nusu sekunde hata kabla seva haijaanza kufikiri. Nayo tovuti salama huhitaji kusalimiana na kubadilishana funguo mara kadhaa kabla picha ya kwanza haijaja. TEAMS ina urefu wa takribani kilomita 5,000 hadi Fujairah, katika Falme za Kiarabu. Mwanga ndani ya kioo huumaliza kwa sehemu moja ya arobaini ya sekunde.

Hata hivyo umbali wa kebo si jambo la fizikia peke yake. Kulikuwa na wakati barua pepe kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi jirani, iliyotumia kampuni nyingine ya intaneti, ilizunguka ng'ambo ndipo irudi. Watoa huduma walianzisha kituo cha kubadilishana data humu nchini, KIXP, mnamo Novemba 2000. Muda mfupi baadaye mdhibiti wa mawasiliano alikifunga, kwa malalamiko ya Telkom Kenya iliyokuwa na ukiritimba wa njia za kimataifa. Kilifunguliwa tena Februari 2002. Ukiona tovuti inafunguka upesi, kumbuka kwamba upesi huo kuna siku ulipiganiwa mezani kwa makaratasi.

Ombi

Kinachofika kwenye seva ni maandishi. Mstari wake wa kwanza, katika umbo lake rahisi, unasomeka hivi:

GET /vinyago/17 HTTP/1.1

Maana yake: nipe kilichopo kwenye njia hii, nami naongea itifaki ya HTTP, toleo la 1.1. Chini yake hufuata mistari mingine: tovuti inayotakiwa, lugha ambayo simu ingependa kujibiwa, aina ya kivinjari. Matoleo mapya ya itifaki huyabana maandishi haya ili yasafiri haraka, ila ujumbe wenyewe haujabadilika sana tangu Tim Berners-Lee alipouandikia mpango wake wa mwaka 1989 katika maabara ya fizikia ya CERN, Uswisi. CERN iliuachia ulimwengu mfumo huo bila malipo tarehe 30 Aprili 1993. Kwa sababu hiyo wachongaji wetu hawalipi ada kwa yeyote ili kuzungumza HTTP.

Seva ni programu inayokaa macho. Haifanyi lolote mpaka iombwe. Ombi likiingia, husoma ile njia na kuamua ni kipande gani cha msimbo kitalishughulikia. Hapa ni kile cha kuonyesha kinyago kimoja, namba 17. Kipande hicho hakina picha ya twiga wala bei yake kichwani. Kinakwenda kuuliza hifadhidata:

SELECT jina, bei, hali FROM vinyago WHERE id = 17;

Wazo la kuweka kumbukumbu katika majedwali na kuziuliza kwa lugha inayosema unachotaka, badala ya jinsi ya kukitafuta, lilitolewa na Edgar Codd wa IBM mwaka 1970. Limeshinda mitindo mingi. Ukiniuliza anayeanza leo atumie hifadhidata gani, nitasema ya majedwali, PostgreSQL au MySQL, na asinieleze habari za nyingine mpaka awe na tatizo ambalo hizo zimeshindwa kulitatua. Wengi hawalifikii tatizo hilo maishani.

Jibu huondoka na namba ya hali. 200 ni sawa. 404 ni hakipo. Kundi lote la 400 linamwambia aliyeomba, kosa ni lako. Kundi la 500 linakiri, kosa ni langu. Tofauti hiyo ina faida kubwa usiku wa manane unapotafuta kilichoharibika, na bado wapo wasanidi wanaojibu 200 kwa kila kitu kisha wanaandika ndani yake kwamba mambo yameharibika. Wasamehewe, lakini wasiigwe.

HTTP haina kumbukumbu. Mwalimu akibonyeza mara ya pili, kwa seva yeye ni mgeni kabisa. Mwaka 1994 Lou Montulli, aliyekuwa Netscape, alipata dawa: seva inakipa kivinjari alama ndogo, na kivinjari kinairudisha katika kila ombi linalofuata. Alama hiyo ndiyo kuki. Ndani yake tia namba ndefu ya kubahatisha, isiyokisika, na habari zote nyingine zibaki kwenye hifadhidata chini ya namba hiyo. Ukiandika ndani ya kuki kwamba mwenye simu hii ni msimamizi wa duka, umemkabidhi kalamu mtu usiyemjua.

Mteja hajipangii bei

Yako maduka, kuanzia Machakos hadi Mwala, ambayo kaunta yake imezibwa kwa wavu wa chuma. Mteja hasogei kwenye rafu. Anataja anachotaka, mwenye duka anakitoa, na bei inatajwa kutoka ndani. Bekendi nzima imejengwa juu ya mpango huo, na makosa mengi ya wanaoanza ni kuukata wavu bila kujua.

Lililo la kawaida zaidi ni hili. Msanidi anatengeneza fomu ya malipo; ndani yake anaweka, kwa siri anavyodhani, bei ya twiga, 8500. Mteja akibonyeza kulipa, fomu inapeleka namba ya kinyago na bei, na seva inaomba kiasi hichohicho. Kila kitu kinafanya kazi. Lakini ukurasa ule uko kwenye kompyuta ya mteja, na kila kivinjari cha kompyuta kinakuja na zana za kuufungua na kuuhariri. Kijana yeyote aliyekaa mwezi mmoja kwenye maabara ya kompyuta anaweza kufuta sifuri mbili, akanunua twiga kwa shilingi 85, na seva ikamshukuru. Fomu ipeleke namba ya kinyago tu. Bei itafutwe ndani, kwenye jedwali.

Vivyo hivyo ukaguzi unaofanywa kwenye ukurasa, ule wa kumwambia mteja kwamba namba ya simu ina tarakimu pungufu. Ni adabu nzuri kwa mteja, kwa kuwa unamwepusha na kusubiri. Haulindi chochote, maana ombi linaweza kuandikwa kwa mkono na kutumwa bila ukurasa wowote kufunguliwa. Kila kilichokaguliwa mbele kikaguliwe tena nyuma.

Kenya ina mfano wa heshima wa kutokuamini huku. Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zikiendelea, Ory Okolloh alipendekeza ramani ambapo wananchi wangeripoti yanayotokea, na David Kobia akaiandikia msimbo kwa siku chache tu. Ikawa Ushahidi, ambayo baadaye ilitumika katika nchi nyingi. Ramani ndiyo iliyosifiwa. Kazi iliyoipa uzito ilikuwa nyuma yake: ripoti haikuwekwa kwenye ramani kwa kuwa imetumwa, bali mtu aliisoma na kuipima kwanza. Katika wiki zile, taarifa ya uongo iliyochapishwa kwa haraka ingeweza kumwaga damu.

Majina nayo hupima seva. Machakos wapo akina King'oo na Mang'eli. Msanidi mvivu huunda agizo la hifadhidata kwa kulibandika jina la mteja katikati ya maneno ya SQL, ile lugha ya kuuliza hifadhidata, kati ya alama mbili za kunukuu. Alama iliyo ndani ya King'oo hulikata agizo kabla halijaisha, ukurasa unaanguka, na Bwana King'oo anaambiwa jina lake si halali. Mbaya zaidi, mlango uliomwangusha King'oo kwa bahati mbaya ndio ambao mwizi hupitia kwa makusudi: anaandika kwenye kisanduku cha jina maneno yatakayosomwa kama amri, ya kufuta jedwali au kutoa orodha ya wateja wote. Dawa ni ileile kwa wote wawili. Agizo lipelekwe peke yake likiwa na nafasi wazi, na jina lipelekwe kando kama data tu. Kila lugha ya programu ina njia ya kufanya hivyo, na hakuna udhuru.

Kikamba kina herufi ĩ na ũ pia. Kama hifadhidata haikuandaliwa kwa UTF-8, mfumo wa herufi ambao Ken Thompson na Rob Pike waliubuni mwaka 1992, Mũtua anaweza kuingia akatoka M?tua. Ijaribu tovuti yako kwa majina ya watu watakaoitumia, si kwa yale ya kwenye mafunzo ya Marekani.

Malipo

Hapa ndipo panapolipa kukaa, maana Kenya bekendi nyingi hatimaye hugonga mlango wa M-Pesa. Huduma hiyo ilizinduliwa Machi 2007, na kwa miaka mingi kuiunganisha na tovuti kulikuwa kazi ya makampuni makubwa. Mwaka 2017 Safaricom ilifungua API, yaani mlango wa programu kuongea na programu, iitwayo Daraja, ambayo mtu mmoja mwenye kompyuta anaweza kujiandikisha na kuijaribu.

Mwalimu amebonyeza kulipa. Seva ya wachongaji inafanya mambo mawili kwa kufuatana. Kwanza inajitambulisha kwa Daraja kwa funguo zake mbili za siri na kupewa tokeni inayodumu saa moja. Funguo hizo zikae kwenye seva tu. Ukiziweka kwenye ukurasa au ukazipakia kwenye hazina ya msimbo iliyo wazi, umezitangaza. Pili, inatuma ombi la malipo: namba ya biashara, kiasi, namba ya simu ya mwalimu, na anwani ya mtandaoni ambako matokeo yatapelekwa. Daraja inajibu mara moja kwa msimbo 0.

Sifuri hiyo imewagharimu wengi. Inamaanisha kwamba ombi limepokelewa, basi. Simu ya mwalimu ndiyo kwanza inaonyesha kisanduku cha kuweka PIN. Anaweza kuiweka. Anaweza kughairi, na matokeo yatakuja na msimbo 1032. Simu inaweza kuwa imezimwa au haipatikani, 1037. Salio linaweza kuwa halitoshi, na hapo ni 1. Matokeo yenyewe, yawe mema au mabaya, yanakuja kwa njia nyingine kabisa: sasa Daraja ndiyo inayotuma ombi kwa seva ya wachongaji, kwenye ile anwani iliyotolewa, ikileta data iliyopangwa kwa umbo la JSON, yenye msimbo na, kama malipo yamepita, namba ya risiti. Seva iliyokuwa ikiuliza imegeuka kuwa ya kuulizwa. Kwa sababu hiyo anwani lazima ifikike kutoka nje, na kompyuta iliyo mezani kwako nyumbani haitapokea chochote mpaka uifungulie njia.

Na hapo kanuni ya sura hii inarudi. Anwani ile ikijulikana, mtu yeyote anaweza kuiletea JSON iliyoandikwa vizuri inayodai kwamba shilingi 8,500 zimelipwa. Seva ilinganishe namba ya ombi na yale iliyoyatuma yenyewe, ikague kiasi, na inapokuwa na shaka iiulize Daraja hali ya muamala huo. Njia ya kuuliza ipo. Vilevile ujumbe uleule ukija mara mbili, twiga asiandikwe ameuzwa mara mbili. Namba ya risiti iwekwe kwenye jedwali kwa sharti la kutojirudia, na hifadhidata yenyewe itaukataa ule wa pili.

Sasa ule utata niliouahidi. Sekunde ileile mwalimu anapobonyeza, mwenye duka la vinyago huko Diani naye amebonyeza. Seva inashughulikia maombi mengi kwa pamoja. Ombi la kwanza linauliza hifadhidata, je, twiga yupo? Yupo. Ombi la pili linauliza, je, yupo? Yupo, kwa kuwa la kwanza bado halijaandika chochote. Wote wawili wanatumiwa ombi la PIN, wote wanalipa, na mti ule ulitoa twiga mmoja. Ukijaribu peke yako nyumbani hutaliona kosa hili hata siku moja. Litakuja siku ya maonyesho, wanunuzi wakiwa wengi.

Kosa ni kuuliza kwanza kisha kuandika, kana kwamba dunia inasimama katikati. Andika na kuuliza kwa pigo moja:

UPDATE vinyago SET hali = 'ameshikwa' WHERE id = 17 AND hali = 'yupo';

Hifadhidata haiwezi kubadilisha mstari mmoja kwa watu wawili kwa wakati mmoja, mmoja atatangulia. Itarudisha idadi ya mistari iliyobadilika. Aliyepata 1 anatumiwa ombi la PIN. Aliyepata 0 anaambiwa kwa upole kwamba kuna mtu yuko kwenye malipo, ajaribu tena baada ya dakika chache. Mwalimu akighairi au simu yake isipopatikana, twiga anaachiliwa. Na ikiwa muda wa kushikwa umekwisha, twiga ameuzwa Diani, halafu malipo ya mwalimu yanatua kwa kuchelewa? Hapo hakuna msimbo utakaokusaidia. Wachongaji wenyewe waketi waamue kama watarudisha pesa au watachonga mwingine, na msanidi aulize swali hilo kabla ya kuandika mstari wa kwanza. Sehemu kubwa ya kazi ya bekendi ni maswali ya aina hii, na wenye biashara mara nyingi hawajawahi kuulizwa.

Kompyuta iko wapi

Watu husema data iko kwenye wingu. Wingu hilo lina ua, lina mlinzi getini na bili ya umeme. Hadi mwaka 2015 seva za M-Pesa zilikuwa Ujerumani: mtu wa Kathiani alipomtumia pesa jirani yake, masalio yote mawili yalibadilika Ulaya ndipo simu zikalia Kathiani. Mwaka huo zikahamishiwa Kenya. Amazon ilifungua vituo vyake Cape Town mwaka 2020. Na pale Konza, panapokutana Machakos, Makueni na Kajiado, na reli ya Magadi inapochepuka, serikali ilitenga ekari 5,000 kwa mji wa teknolojia ambao Rais Mwai Kibaki aliuzindua Januari 2013. Mji wenyewe umejikokota. Kituo cha taifa cha data, hata hivyo, kimejengwa na kinafanya kazi. Reli iliyoukwepa mji wa Machakos ilipita Konza. Sasa na data inapita Konza.

Kwa wachongaji, seva ndogo ya kukodi inatosha kabisa. Wanachopaswa kujua ni kwamba popote ilipo, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inawahusu, kwa kuwa wanatunza majina na namba za simu za watu. Data ikivuja na kuna hatari ya madhara, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72. Nywila za wateja zisihifadhiwe kama zilivyo. Zipitishwe kwenye hesabu isiyorudi nyuma, mfano bcrypt, kiasi kwamba hata mwenye tovuti hawezi kuzisoma. Tovuti inayoweza kukutumia nywila yako ya zamani kwa barua pepe imekiri hadharani kwamba inaijua.

Kuna shambulio lisilohitaji kuvunja chochote. Mwishoni mwa Julai 2023, eCitizen, iliyokuwa imebebeshwa huduma za serikali zaidi ya 5,000, ilielemewa na maombi kutoka kwa kundi lililojiita Anonymous Sudan. Kila ombi lilionekana kama la mtu wa kawaida. Yalikuwa mengi mno tu. Serikali ilisema hakuna data iliyopotea, lakini kwa wakati huo waliotaka tiketi ya treni au umeme wa tokeni walikwama pamoja na waliotaka pasipoti. Seva inayokaa macho kumsikiliza kila mtu ina udhaifu huo katika maumbile yake. Wapo wanaouza kinga, na kinga hiyo inapunguza makali.

Zoezi

Kabla ya sura ijayo, iwashe seva yako mwenyewe. Kama kompyuta yako ina Python, tengeneza folda mpya isiyo na kitu. Sisitizo liko hapo, isiyo na kitu, kwa sababu kila kilichomo kitaonekana na yeyote aliye kwenye Wi-Fi yako. Weka ndani yake faili liitwalo index.html lenye sentensi moja uipendayo. Fungua dirisha la kuandikia amri ndani ya folda hiyo na uandike:

python3 -m http.server 8000

Tafuta namba ya kompyuta yako kwenye Wi-Fi, mara nyingi huanza na 192.168, kisha kwenye simu iliyounganishwa na Wi-Fi hiyohiyo andika namba hiyo, nukta pacha, halafu 8000. Sentensi yako itatokea kwenye simu. Lakini usiitazame simu, itazame kompyuta. Mstari umeandikwa pale, wenye namba ya simu yako kwenye mtandao, saa, GET na 200. Ongeza jina lolote la uongo mwishoni mwa anwani, na mstari mwingine utakuja wenye 404.

Pengine utaona 404 nyingine ambayo hukuisababisha, ya faili liitwalo favicon.ico. Kivinjari kililiomba chenyewe, kikitafuta kipicha cha kuweka kando ya jina la ukurasa, wala hakikukuuliza.